Madoa ya Mawe ya Koboko

Tangu turudi, kila ninayekutana naye pale kijiweni kwenye kahawa ananiuliza swali moja: ni kweli mkeo alimwagiwa ndoo ya maji huko Uganda? Ni kweli, ila haikuwa ndoo, ilikuwa chupa, na hilo lilikuwa jambo dogo kuliko mengine yote. Kubwa nililifanya mimi. Nimeshalisimulia vipande vipande, na kila kipande nimekipunguza kidogo upande wangu. Leo naandika lote kama lilivyokuwa, ili asiwepo wa kuniuliza tena nikiwa na kikombe mkononi.

Kwa wale wasiomjua vizuri Mama Asha, mke wangu, kazi yake ni kuvumwani. Kuvumwani ni yale mabaka ya kijivu, ya kijani au ya njano ambayo mmeyaona maisha yenu yote juu ya mawe na magome ya miti, msiyajali. Mimi nalala nayo nyumba moja. Yamo kwenye bahasha juu ya kabati, chini ya kitanda na ndani ya sanduku lililokuwa la suti yangu ya harusi. Anasema kila baka ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Kuvu hujenga nyumba, mwani hupika. Siku moja nilimuuliza kati yetu sisi kuvu ni nani. Akasema si mimi, kwa sababu kuvu angalau hujenga.

Chuoni anakofanya kazi kuna droo yenye bahasha moja kuukuu. Ndani yake mna kipande cha jiwe chenye baka la manjano, manjano ya kiini cha yai, na juu yake mtu wa zamani ameandika maneno machache tu: Koboko, juu ya mwamba, mlangoni mwa msitu. Mama Asha ameifungua na kuifunga bahasha hiyo miaka yote ya kazi. Anastaafu mwaka huu. Alitaka kuliona baka hilo likiwa hai mara moja, na kuandika orodha ya mengine yote yaliyomo katika msitu ule wa hifadhi. Mimi nimestaafu ualimu wa Kiswahili, sina kazi, kwa hiyo nilichukuliwa kubeba bahasha.

Kampala hadi Arua

Makaratasi nayaruka. Basi liliondoka Kampala asubuhi na likakaa njiani siku nzima, na sehemu kubwa ya siku hiyo halikuwa linakwenda. Mara ya kwanza lilisimama kwa sababu dereva alisahau simu yake kwenye kituo cha mafuta, tukarudi wote kuifuata. Mara ya pili, karibu na Karuma, nyani mmoja aliingiza mkono dirishani akachukua mkate wangu bila haraka yoyote. Abiria walinionea huruma kwa muda mfupi, kisha wakaanza kubishana kama mkate ule ulikuwa na siagi.

Pakwach, baada ya kuvuka Nile, wauzaji walileta samaki wa kukaanga hadi madirishani. Nilinunua mmoja mkubwa. Mama Asha hakula. Kiyoyozi cha basi kilikuwa kimempuliza kooni tangu asubuhi, na tulipofika Arua sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. Akawa anaandika anachotaka kwenye karatasi. Nakiri kwamba saa za kwanza nilizifurahia.

Arua

Tulilala kwenye nyumba ya wageni chini ya Arua Hill. Asubuhi nilishuka kwenye chumba cha chakula, nikamsalimu dada aliyekuwa akihudumia, nikamuuliza kwa Kiswahili changu cha darasani: "Chakula kipo?"

Alinitazama kwa heshima, akaingia jikoni. Nilisikia wakishauriana kwa Kilugbara. Akarudi.

"Kipo imeisha, mzee," akasema. "Iko mayai."

Mama Asha, ambaye hakuwa na sauti ya kucheka, alicheka kwa mabega. Tulikula mayai. Siku mbili zote tulizokaa pale yule dada alikuwa akiniomba radhi kwamba kipo bado haijaletwa.

Mlimani, kwenye ofisi za serikali, tulikutana na Candiru, bibi wa misitu, kijana mchapakazi anayeongea haraka. Alitupa namba ya simu ya mzee anayeishi kwenye lango la msitu, ng'ambo ya Kuluba, kupita Koboko. Mzee huyo ni sajini mstaafu, anaitwa Khamis, na kwa hiari yake mwenyewe huwa anauangalia msitu ule na kuwapokea wageni. Candiru alitushauri tumpigie kabla ya kwenda, kwa sababu Sajini hapendi kushtukizwa.

Hapa ndipo palipoharibika. Mama Asha hakuwa na sauti, hivyo simu ilikuwa yangu. Aliniandikia cha kusema: Waambie tunakuja kuona vitu vinavyoota juu ya mawe yao. Niliisoma sentensi ile nikaiona nyonge. Kuona vitu. Mtu ametoka Morogoro hadi mpaka wa Kongo, aseme anakuja kuona vitu? Nikatoka nje penye mtandao mzuri, nikasimama wima, nikamwambia Sajini Khamis kwamba ujumbe kutoka Tanzania unakuja baada ya siku tatu kukagua madoa yaliyopo kwenye mawe yao.

Sauti nzito ya upande wa pili ikauliza: "Madoa?"

Nikasema ndiyo, madoa, na hasa lile la njano kwenye mwamba wa langoni.

"Imesikika, afande," ikasema sauti, na simu ikakatika. Nilirudi ndani nikamwambia mke wangu kwamba ujumbe umefika vizuri.

Arua hadi Koboko

Siku ya tatu sauti yake ilirudi nusu. Tulikodi gari dogo pamoja na mama mmoja mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini, Mama Keji, mtu mnene mwenye upole na mizigo mingi, ambaye alikuwa akipeleka vitenge Koboko. Tulipofika Aroi tairi likapasuka. Dereva alitazama tairi la akiba, akatutazama sisi, tukaelewa kwamba nalo lilikuwa limepasuka zamani. Akapanda pikipiki ya mtu na kurudi Arua na matairi yote mawili.

Kando ya barabara palikuwa na shamba la muhogo, na katikati ya muhogo palikuwa na jiwe pana. Mama Asha aliomba ruhusa kwa mwenye shamba, akalala kifudifudi juu ya jiwe, akaweka lenzi yake jichoni, na pua yake ikawa karibu kugusa mwamba. Anapokuwa hivyo hasogei. Akipumua vibaya, lenzi inaingia ukungu, kwa hiyo hata pumzi anazibana.

Watu walianza kusimama. Mtu wa baiskeli aliyetoka upande wa mpaka aliniuliza kwa sauti ya msibani, "Ule mutu amekufa?" Nikamjibu kwamba hajafa, anasoma jiwe. Jibu hilo halikumtuliza. Akawaeleza waliofika nyuma yake kwamba kuna mutu anasoma jiwe, na wao wakawaeleza wengine, na kufikia wa mwisho kabisa habari ilikuwa kwamba mgeni ameanguka juu ya jiwe na mume wake amechanganyikiwa.

Mama Keji alikuwa ameketi garini akisinzia. Aliposikia hivyo alitoka na chupa yake ya maji, akapita katikati ya watu akimwomba Bwana Yesu, na kabla sijafungua mdomo akammwagia mke wangu chupa nzima kichwani.

Mama Asha alikaa kitako akitiririka maji. Nilijua nini kitafuata, kwa sababu namjua. Lakini hakumtazama Mama Keji. Alikuwa akitazama jiwe. Pale maji yalipoangukia, mabaka yaliyokuwa ya kijivu, makavu kama majivu, yalikuwa yakigeuka kijani mbele ya macho yetu. Umati ulisogea wote kwa pamoja. Mama Keji aliinama, akagusa kwa kidole.

"Imefufuka," akasema polepole.

Mke wangu, kwa sauti yake ya nusu, akawaeleza kwamba haikuwa imekufa, ilikuwa ikingoja mvua, na inaweza kungoja miezi. Mtu wa baiskeli akaomba lenzi. Baada yake mwenye shamba, kisha kila mtu kwa zamu, na dereva aliporudi na tairi alikuta foleni na kibarua cha kusubiri abiria wake. Mama Keji alimkausha mke wangu kwa kitenge kipya kutoka kwenye bidhaa zake na akakataa kabisa kukirudisha. Ndicho alichovaa hadi tunarudi nyumbani.

Koboko hadi Kuluba

Koboko tulilala usiku mmoja tu, tukala ugali wa muhogo, ambao huko wanauita enyasa, na samaki wakavu wa angara waliopikwa kwa ufuta, simsim ya huko. Nilikula hadi nikafungua mkanda.

Asubuhi pikipiki mbili zilitupeleka Kuluba na kupita, kwenye njia ya udongo mwekundu katikati ya mashamba ya mtama. Mama Asha alikuwa mbele. Alikuwa amejifunga begi la bahasha kifuani kama mama aliyebeba mtoto, na kila tulipopanda kilima aligeuka kunitazama akitabasamu. Nawaambia hili ili mjue alikuwa na furaha kiasi gani dakika kumi kabla ya kufika.

Kitu cha kwanza nilichoona kilikuwa jiwe jeupe kando ya njia. Kisha jingine ng'ambo yake. Kisha mistari miwili ya mawe meupe, kulia na kushoto, ikinyooka kama njia ya kuingilia kambini. Mwishoni mwa mistari alisimama mzee mrefu mwenye kofia ya jeshi iliyopaushwa na jua na viatu vinavyong'aa, na nyuma yake watu wa nyumba yake wamejipanga kwa kimo. Na nyuma yao, langoni mwa msitu, palikuwa na mwamba mkubwa kama nyumba ya vyumba viwili. Wote mweupe. Chokaa kutoka chini hadi juu.

Sajini Khamis alipiga saluti, akanielekea mimi.

"Afande, mawe yote iko tayari kwa ukaguzi. Madoa hakuna."

Mama Asha alishuka kwenye pikipiki taratibu, akauendea mwamba, akauwekea kiganja. Kikatoka cheupe.

Akauliza, kwa upole ambao ulinitisha kuliko kelele, nani aliyewaambia wafanye hivi. Sajini akaeleza bila kusita. Afande huyu alipiga simu akisema mawe yao yana madoa na ujumbe unakuja kukagua. Waliona haya sana. Yeye aliwahi kuishi katika kambi nyingi, na hakuna kambi iliyowahi kukutwa chafu chini ya mkono wake. Basi kwa siku tatu familia nzima ilisugua mawe kwa brashi za waya na majivu, kisha wakapaka chokaa, ambayo alinunua mwenyewe.

"Na lile la njano?" akauliza mke wangu.

"Ile ilisumbua," akasema Sajini kwa fahari. "Ile ilikataa kutoka mpaka jioni."

Lango la Msitu

Tulikaribishwa kula. Walikuwa wamechinja bata. Mama Asha aliketi kwenye kiti alichowekewa, akala, akasifu mchuzi, akamuuliza mke wa Sajini, Mama Zubeda, ameutia nini. Hakunitazama hata mara moja. Nilitumaini ataniachia tuondoke kimya kimya, yule mzee abaki na fahari yake nami nibaki na aibu yangu ya siri, na kusema kweli hilo la pili ndilo lililonisukuma zaidi.

Lakini Sajini, baada ya kunawa, aliuliza kama ukaguzi umeridhisha. Aliuliza akiwa amesimama, mikono nyuma. Nikaona kwamba akiambiwa ndiyo, mwaka kesho atausugua msitu mzima.

Nikasimama nami. Nilimwambia kwamba kosa ni langu. Mke wangu aliniandikia maneno mepesi, nikayabadilisha ili nionekane mtu mkubwa. Nikamwambia kwamba yale madoa hayakuwa uchafu, yalikuwa ndiyo hasa tulichokuja kutazama, na kwamba ni viumbe hai.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia Mama Asha.

"Kwa hiyo sisi tumeua?"

Mke wangu angeweza kusema hapana. Mimi ningesema hapana. Alimwambia ndiyo, yale ya mawe haya yamekufa, na kwamba hakuna aliyefanya kwa ubaya, akimaanisha nadhani hata mimi. Sajini alivua kofia yake akaishika kifuani.

Hapo Mama Zubeda alikohoa. Alikuwa akikusanya sahani, na alizungumza bila kuinua kichwa.

"Yale ya ndani ya msitu mimi sikugusa."

Sajini akasema haiwezekani, yeye mwenyewe ndiye aliyemkabidhi mawe ya ndani, kuanzia kijito hadi mteremko, na yeye mwenyewe alipokea ripoti kwamba yamekwisha.

"Nilisema imekwisha," akasema Mama Zubeda. "Mgongo ilikuwa inauma. Nilikaa kwa kijito siku mbili nikala ndizi."

Nimeona ndoa nyingi zikitikisika, yangu ikiwemo, lakini sijawahi kuona uso kama wa Sajini Khamis saa ile. Miaka yote ile ya ripoti ilipita machoni pake, moja moja. Kabla hajapata neno, Mama Asha alikuwa ameshainuka, amemkumbatia Mama Zubeda pamoja na sahani zake, na kumwambia kwamba hajawahi kukutana na mtu aliyefanya kazi nzuri zaidi.

Ndani ya Msitu

Tulikaa humo siku mbili nzima. Ng'ambo ya kijito mawe yalikuwa kama yalivyoachwa tangu mwanzo wa dunia, hayana brashi wala chokaa. Palikuwa na mabaka kama ramani, mengine kama majani ya kabichi yaliyosinyaa, mengine yananing'inia matawini kama ndevu za babu. Mama Asha alitambaa kutoka jiwe hadi jiwe, akiandika, akikwangua kwa patasi yake ndogo, akinipa bahasha. Mimi niliziandika namba na sikutoa maoni. Hatukuzungumza juu ya simu. Siku ya pili jioni bahasha zilikuwa zimejaa, isipokuwa moja aliyoiweka tangu Morogoro kwa ajili ya lile la manjano. Lile halikuwepo popote ndani ya msitu.

Sajini alitufuata kila tulipokwenda, kofia mkononi. Mwanzoni alisimama mbali. Kisha akaomba lenzi. Mke wangu alimwonyesha namna ya kuiweka karibu na jicho na kulisogeza jiwe la mkononi, maana watu wengi husogeza lenzi na hawaoni kitu. Mzee alitazama muda mrefu. Akauliza kama vikombe vile vidogo vilikuwa pale siku zote. Akaambiwa ndiyo. Akasema amepita pale tangu aachane na jeshi, kila siku, na mke wangu hakuomba kurudishiwa lenzi, wala mzee hakuirudisha.

Usiku ule nilimwambia mke wangu kwamba samahani. Alikuwa ameshafumba macho. Akasema anajua, nilale.

Kurudi

Asubuhi ya kuondoka tulimkuta Sajini Khamis amelala kifudifudi langoni, kwenye tope la umande, viatu vyake vinavyong'aa vikiwa vimeelekea juu. Kwa sekunde moja nilidhani ni yeye sasa ambaye amekufa. Alikuwa ameingiza kichwa kwenye ufa chini ya ule mwamba mweupe, upande ambao mkono wenye brashi hauwezi kuingia. Alikuwa pale, Mama Zubeda alituambia, tangu sala ya alfajiri.

"Mama," akaita kutoka ndani. "Kuja uone. Iko moja."

Mama Asha alilala kando yake kwenye tope, na kitenge chake cha Mama Keji, akaingiza kichwa. Mimi nilibaki nikitazama jozi mbili za miguu. Aliponiachia nafasi nikaingia nami. Mbali ndani ya ufa, mahali chokaa ilipoishia, palikuwa na nukta ya manjano. Haikuzidi punje ya dengu.

Nilitoa patasi na ile bahasha ya mwisho, nikampa. Alivishika kidogo, kisha akavirudisha begini, akafunga zipu. Sajini alisimama akajipangusa magoti, akavaa kofia yake kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya bata.

Barabara ya kurudi sitaisimulia, ilikuwa ndefu. Lenzi ilibaki Kuluba.

Sasa kila Jumapili Sajini hupiga simu. Hazungumzi na mimi, nikipokea husema, "Mpe Mama." Hutoa ripoti: mvua imenyesha, chokaa imeanza kuondoka upande wa juu, ile ya njano iko pale pale. Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaa karibu na mke wangu, simu ikiwa na sauti kubwa, na nikamsikia mzee akiuliza jambo ambalo nadhani alikuwa ameliogopa. Aliuliza itachukua muda gani hadi ile punje ienee na kuufunika mwamba tena.

Mama Asha si mtu wa kudanganya watu. Alimwambia kuvumwani wa namna ile hukua chini ya unene wa ukucha kwa mwaka. Pengine itafika ukubwa wa kiganja wakati wao wote wawili hawapo tena.

Tulisikia mbuzi akilia huko kwao, na Mama Zubeda akimfukuza.

"Sawa, Mama," akasema Sajini. "Muda iko."